Kidonda Kikifunga, Matibabu Yanaendelea

Taarifa za vita hutufikia zikiwa na hesabu mbili: waliouawa na waliojeruhiwa. Waliouawa hurudishwa nyumbani kwa gwaride, majeneza yakiwa yamefunikwa bendera, na majina yao husomwa kwa heshima. Waliojeruhiwa hutajwa kwa idadi tu, tena mara nyingi idadi ya kukisia, na wiki moja baadaye hakuna anayeuliza wako wapi. Mazungumzo ya leo ni ya hao wa hesabu ya pili. Hoja yangu ni moja. Askari aliyevunjwa na vita hajatibiwa kwa kuwa amekatwa mguu vizuri au ametolewa kipande cha chuma mwilini. Matibabu yake ni kazi ndefu ya utengamao, yaani ya kumrudishia uwezo wa kutembea, kufikiri, kufanya kazi na kuishi na watu, na kazi hiyo inahitaji wataalamu wake, majengo yake na bajeti yake, kuanzia wiki ya upasuaji mpaka uzeeni. Nchi inayopeleka vijana wake vitani bila kuandaa hayo imefanya nusu ya maandalizi ya vita.

Nianze na jambo ambalo ni habari njema kwa kweli. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya kila wanajeshi 100 wa Marekani waliopigwa na silaha za adui, wapatao 30 walikufa. Vietnam walikufa kama 24. Iraq na Afghanistan, katika miaka ya mwanzo ya vita hivyo, walikufa kama 10. Sababu zake zinajulikana. Askari walipewa mkanda wa kubana mshipa unaovuja damu, wakafundishwa kuufunga hata kwa mkono mmoja. Timu ndogo za wapasuaji zilisogezwa karibu na mapigano, zikafanya lile tu la kumzuia mtu asife, mengine yakasubiri. Kisha majeruhi alipandishwa ndege hadi Landstuhl, Ujerumani, na baada ya siku chache alikuwa kwao Marekani, safari ambayo wakati wa Vietnam ilichukua zaidi ya mwezi. Lakini tumtazame huyo aliyeokoka. Ni mtu ambaye vita vilivyopita vingemwua: amepoteza miguu yote miwili na vidole vya mkono, ngozi imeungua, ngoma za masikio zimepasuka, na ubongo umetikiswa na mshindo wa bomu ndani ya fuvu ambalo kwa nje halina hata mkwaruzo. Kadiri madaktari wa mstari wa mbele wanavyofanikiwa, ndivyo mzigo unavyowaangukia wale wa nyuma. Serikali inayojivunia kuokoa maisha vitani imejiongezea deni la miaka 40 au 50, na deni hilo lazima lihesabiwe tangu siku ya kwanza.

Kwamba utengamao ni tiba kamili, na wala si hisani inayokuja baada ya tiba, ni jambo lililothibitishwa mapema, tena kwa namna ambayo haiachi nafasi ya ubishi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari aliyevunjika uti wa mgongo na kupooza alikuwa na matumaini madogo sana ya kuishi. Risasi haikuwa ndiyo iliyomwua. Aliuawa na vidonda vya kulalia vilivyooza hadi mfupani, na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Madaktari wengi waliamini hakuna la kufanya isipokuwa kumpa dawa ya maumivu na kumsubiri afe. Mwaka 1939 daktari Myahudi wa mishipa ya fahamu, Ludwig Guttmann, aliikimbia Ujerumani ya Hitler akahamia Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944, wakati majeshi ya washirika yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy na serikali ikijua kwamba majeruhi watakuwa wengi, alifungua kituo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Hakuwa na mashine ya ajabu. Dawa mpya za kuua vijidudu zilisaidia, ni kweli, lakini kiini cha kazi yake kilikuwa utaratibu: kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa, mkojo utolewe kwa usafi wa hali ya juu, mtu akalishwe, afundishwe kuyatumia mabega na mikono yake, apewe kazi ya karakana au ya mashine ya kuchapa. Guttmann mwenyewe alikuwa akizunguka wodini usiku kuhakikisha wagonjwa wanageuzwa kweli. Watu waliotarajiwa kufa wakaanza kurudi makwao na kuajiriwa.

Wengi wanamkumbuka Guttmann kwa michezo, na wana haki. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliwakusanya washindani 16 wenye ulemavu, wanaume 14 na wanawake 2, wakashindana kwa upinde na mishale katika viwanja vya hospitali yake. Miaka 12 baadaye, Roma, mashindano hayo yalikuwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na leo tunayaita Paralimpiki. Ila ningependa tuuangalie msingi kuliko medali. Michezo pale ilikuwa sehemu ya dawa, kwa sababu mtu anayevuta upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu anajenga kifua, mizani ya mwili na hamu ya kuishi. Na yote yaliwezekana kwa sababu wagonjwa wa aina moja walikusanywa mahali pamoja, mikononi mwa watu wanaowaona kila siku. Muuguzi aliyehudumia waliopooza 100 huona wekundu kidogo kwenye ngozi ya nyonga akajua kidonda kinakuja. Muuguzi wa wodi ya kawaida, anayempata mgonjwa wa namna hiyo mara moja kwa mwaka, hana jicho hilo, hata awe na bidii na huruma kiasi gani. Kwa hiyo utaalamu maalumu hauna uhusiano na anasa. Ndiyo tofauti kati ya mtu kufa akiwa na miaka 25 na kuishi hadi 70.

Majeraha ya mabomu ya kutegwa barabarani yameifanya hoja hii kuwa na uzito zaidi. Mwaka 2004 Bunge la Marekani liliitaka idara ya maveterani ianzishe vituo vya watu wenye majeraha mengi kwa wakati mmoja, vikawekwa Minneapolis, Palo Alto, Richmond na Tampa, na mwaka 2011 kikaongezwa cha San Antonio. Mantiki yake ni kwamba jeraha moja hulibadilisha lingine. Chukua askari aliyekatwa mguu na bomu lile lile likamtikisa ubongo. Kujifunza kutembea na mguu wa bandia kunahitaji kumbukumbu, subira na mizani. Ubongo uliojeruhiwa unasahau somo la jana, na sikio la ndani lililoharibiwa na mlipuko linamfanya aone kizunguzungu kila anaposimama. Hasikii vizuri sauti ya mtaalamu wa viungo, halali usiku kwa majinamizi, na dawa kali za maumivu zinazidi kumlegeza akili. Mtaalamu asiyejua haya yote atamwandika kuwa mgonjwa mvivu asiyetaka kufanya mazoezi. Katika hospitali ya kawaida kila kliniki inashika kipande chake: mifupa huku, masikio kule, akili jengo la pili wiki ijayo. Katika kituo maalumu wataalamu hao hukaa meza moja na kupanga mpango mmoja. Isitoshe, miili iliyopigwa na milipuko ina mambo yake. Kwa wengi wa waliokatwa viungo vitani, mfupa huota ndani ya nyama ya kigutu pasipotakiwa kuwa na mfupa, na mguu wa bandia uliokaa vizuri ghafla unakuwa mateso. Fundi aliyezoea kuwahudumia waliokatwa miguu kwa kisukari hukutana na hali hiyo kwa nadra, na anaweza kumtengenezea mtu miguu mitatu mfululizo bila kugundua tatizo liko wapi. Jeraha la ubongo nalo hujificha hata kwa mwenye nalo. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 idara hiyo ya maveterani imekuwa ikimchunguza kila aliyetumikia Iraq au Afghanistan anapofika kwenye huduma zake, hata kama amekuja kwa jino bovu.

Hapa mtu anaweza kusema: hizo ni nchi tajiri, zina fedha, kwa hiyo zinaweza. Kwa bahati mbaya historia yao inaonyesha kwamba fedha peke yake haitoshi. Mwezi Februari 2007 gazeti la Washington Post lilifichua hali ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri katika Walter Reed, hospitali ya jeshi yenye jina kubwa kuliko zote Marekani. Upasuaji wake ulikuwa wa kiwango cha juu. Lakini majeruhi waliotoka wodini na kuingia katika miezi ya kusubiri mazoezi, vifaa na maamuzi ya malipo waliwekwa katika jengo lenye ukungu ukutani na panya, huku wakitumwa ofisi hadi ofisi na makaratasi yaliyopotea, wengine wakiwa na majeraha ya ubongo yanayowafanya wasahau hata miadi. Waziri wa jeshi la nchi kavu alijiuzulu. Uingereza nayo ilipata somo lake. Kituo cha jeshi cha Headley Court kiliwapa askari waliokatwa miguu viungo bandia vya kisasa kabisa, kisha walipostaafu wakakabidhiwa kwa hospitali za umma ambazo hazikuwa na fundi wala fungu la kuvitengeneza. Mbunge Andrew Murrison, ambaye ni daktari na aliwahi kutumikia jeshi la majini, alitoa ripoti mwaka 2011 akitaka vituo vichache vya kiraia viteuliwe na kuimarishwa kwa kazi hiyo, na serikali ikakubali. Mifano yote miwili inaonyesha ufa ule ule. Mfumo huvunjika pale askari anapovua sare, anapotoka mkononi mwa jeshi na kuwa raia, na faili lake likabaki nyuma.

Sasa tuje kwetu, maana vita vyetu si vya kuhadithiwa. Uganda ilipeleka askari Somalia mwezi Machi 2007, Burundi ikafuata Desemba mwaka huo huo, na Kenya ikavuka mpaka Oktoba 2011. Silaha kubwa ya kundi la al-Shabaab huko imekuwa bomu linalotegwa barabarani, ambalo huvunja miguu na kutikisa ubongo. Tanzania iko katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo tangu 2013, na tarehe 7 Desemba 2017, kambi yake ya Semuliki iliposhambuliwa, askari wake 15 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Vijana hao wanapita katika mikono ya madaktari wenye sifa. Hospitali ya jeshi ya Lugalo ipo, ya Nairobi ipo, na Uganda ina kituo chake cha askari wenye ulemavu huko Mubende. Tena tuna hazina ambayo wengi hawaijui. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichoanza mwaka 1981, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Nairobi ina hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, ingawa vitanda vyake ni vichache kwa nchi nzima. Kenya ilipitisha sheria ya maveterani mwaka 2022. Kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Kinachohitajika ni uzi wa kuviunganisha vitu hivi, ili askari aliyestaafu akaenda kuishi Tarime, Kitui au Gitega awe na mahali panapomjua, penye historia ya jeraha lake, na pa kurekebishiwa mguu unapoanza kumchubua.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni la fidia. Alipwe fedha zake kwa mkupuo, husemwa, kisha apange maisha yake mwenyewe kama mtu mzima. Umoja wa Mataifa wenyewe hulipa hivyo: ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, asilimia ikageuzwa kuwa fedha. Fidia ni haki na siipingi hata kidogo. Ila tuangalie hesabu. Mguu wa bandia huchakaa, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Katika mwaka wa kwanza kigutu hupungua na kubadilika umbo, hivyo tundu la mguu hurekebishwa mara kadhaa. Kijana aliyekatwa mguu mwaka 2012 akiwa na miaka 25 atakuwa na miaka 63 mwaka 2050, na hadi wakati huo atakuwa amehitaji miguu kumi hivi. Goti la mguu mzima, lililobeba uzito wa miwili, litakuwa limeanza kuuma mapema kuliko la wenzake. Aliyepooza atahitaji mipira ya mkojo kila mwezi, si mara moja. Marekani iligundua kwamba malipo ya ulemavu kwa askari wake wa Vita Kuu ya Kwanza yalifika kilele mwaka 1969, miaka 51 baada ya bunduki kunyamaza, kwa sababu jeraha la ujanani hukomaa uzeeni. Fedha za mkupuo hujenga nyumba, husomesha watoto, husaidia ndugu, na ni halali yake kuzitumia hivyo. Lakini hazimwajiri fundi wa viungo bandia katika mkoa ambao hauna hata mmoja. Huduma haiwezi kununuliwa mahali isipokuwepo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ninaliheshimu. Kwa nini askari atengewe vituo wakati wodi zetu za mifupa zimejaa vijana wa bodaboda? Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba katika nchi maskini ni asilimia 5 hadi 15 tu ya wanaohitaji viungo bandia na vifaa saidizi ndio wanaovipata. Mkulima aliyekatwa mkono na mashine hana thamani pungufu ya mwanajeshi. Nakubali kabisa. Majibu yangu ni mawili. Kwanza, jeraha la askari lina mwajiri. Hakwenda Mogadishu, au Beni huko Kongo, kwa hiari ya kutembea. Alitumwa kwa amri, kwa jina la raia wote, akazuiwa hata kukataa. Wajibu wa aliyemtuma haufanani na huruma ya jumla, kama vile mwenye kiwanda anavyowajibika kwa mfanyakazi aliyeumia kazini kwake kuliko kwa mpita njia. Pili, na hili ndilo lenye faida kwa wote, vituo vya aina hii havina haja ya kufungwa kwa raia. Kituo cha Stoke Mandeville kilianzishwa kwa ajili ya askari, na leo kinawapokea waliopooza kwa ajali za barabarani na kuanguka. Upasuaji wa kurekebisha sura ulipiga hatua kubwa mikononi mwa Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand, aliyewatibu askari waliopasuliwa nyuso na risasi katika hospitali ya Sidcup kuanzia 1917. Waathirika wa moto na ajali wamefaidika na mbinu hizo hadi leo. Bajeti ya ulinzi ni moja ya mafungu machache ambayo mabunge yetu huyapitisha bila kuyakata sana. Ikitumika kufundisha wataalamu wa viungo, kununua mashine za karakana na kujenga wodi ya uti wa mgongo yenye mlango ulio wazi kwa raia, kijana wa bodaboda atatibiwa na watu ambao vinginevyo wasingekuwepo.

Kuna wanaosema familia ndiyo hospitali ya Mwafrika. Ni kweli kwamba mgonjwa wetu haachwi peke yake, na ukweli huo una thamani kubwa. Lakini anayegeuza mgonjwa kila saa mbili usiku ni nani? Ni mke, aghalabu kijana mwenye watoto wadogo, ambaye hakuna aliyemwonyesha namna ya kumwinua mtu mzima bila kuumia mgongo, wala dalili za mkojo ulioambukizwa. Ni mama mzazi anayeamshwa na kelele za ndoto za mwanawe na kuambiwa na majirani kwamba amerogwa. Vituo bora vya utengamao huifundisha familia kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, humkalisha mke au mzazi pale siku kadhaa afanye kila kitu mbele ya muuguzi, na humpa namba ya simu ya kupiga anapokwama. Kusifu upendo wa familia huku tukiinyima ujuzi na vifaa ni kuwatwisha wanawake gharama ya vita.

Limebaki suala la usiri. Baada ya kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia, kushambuliwa tarehe 15 Januari 2016, serikali ya Kenya haikutangaza rasmi idadi kamili ya waliouawa, na waliojeruhiwa walizungumzwa kwa uchache zaidi. Majeshi yana sababu za kuficha mambo wakati wa mapigano, na mtu mwenye akili hadai mpango wa vita usomwe redioni. Lakini adui hapati faida yoyote kwa kujua kwamba mwaka huu watu kadhaa waliokatwa miguu miaka kumi iliyopita wamebadilishiwa viungo vyao. Bila idadi hakuna anayeweza kupanga vitanda, mafundi wala fedha, na madaktari wa kiraia watakaowapokea hawa baada ya kustaafu hawawezi kujiandaa kwa wagonjwa ambao hawana habari nao. Wizara za ulinzi zinapowasilisha makadirio yao katika mabunge yetu, wabunge wana haki ya kuuliza mambo manne bila kugusa siri yoyote: ni askari wangapi wenye ulemavu wa vita walio kwenye daftari, waliokwisha kustaafu wakiwemo, nani, kwa cheo na ofisi, anayewafuatilia kila mwaka, kituo gani kinawatengenezea viungo na kiko umbali gani kutoka wanakoishi, na ni fungu lipi, lenye namba yake katika kitabu cha bajeti, litakalolipia mguu wa mwaka 2050.